Paa Hubeba Mabati, Halibebi Injini: Somo la Kufunga Winchi ya Umeme katika Gereji

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mwenye gereji, fundi wa magari na mwananchi yeyote anayekusudia kununua winchi ya umeme atakuwa na uwezo wa kufanya mambo manne: kukadiria uzito wa mzigo anaotaka kuunyanyua, kutambua kama jengo lake lina mahali panapofaa kufungwa mashine hiyo, kuisimika na kuijaribu kwa utaratibu ulio salama, na kuzidai haki zake kwa muuzaji pindi bidhaa inapokuwa na kasoro.

Utangulizi

Winchi ya umeme ni mashine ndogo ya kunyanyulia mizigo mizito. Ndani yake mna mota, gia na breki. Nje yake kuna ngoma inayokunja kamba ya waya, ndoano ya kushikia mzigo, na kidude cha mkononi chenye vitufe vya kupandisha na kushusha. Mashine hii haichukui nafasi sakafuni, haichoshi mikono, na fundi mmoja huweza kufanya kwa dakika chache kazi iliyokuwa ikihitaji vijana wanne. Kwa sababu hizo wengi huipenda. Ubora wa mashine, hata hivyo, hauna maana ikiwa kitu kinachoishikilia ni dhaifu.

Somo hili linachukua mfano wa kijiji cha Samunge, katika Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Wengi walikifahamu kijiji hiki mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya nchi walipomiminika kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kupata kikombe cha dawa. Barabara ya vumbi na mawe ilijaa magari, na yako yaliyoharibikia njiani. Umati ule ulipita, lakini jambo moja halijabadilika: gari likiharibika katika sehemu hizi, miji yenye gereji kubwa iko mbali, na fundi wa kijijini ndiye tegemeo la kwanza. Huyo fundi hulazimika kutoa injini na giaboksi katika kibanda chake mwenyewe, akitumia vifaa alivyonavyo. Hospitali nayo si ya kufikiwa kwa dakika kumi. Kwa hiyo yale ambayo fundi wa mjini huyaita makosa madogo, kwa fundi wa Samunge huweza kugharimu mguu au uhai.

Fundisho kuu la somo ni hili: paa la gereji limejengwa ili kubeba mabati na kuhimili upepo na mvua, halikujengwa ili kubeba injini. Yote yanayofuata ni maelezo ya kauli hiyo.

1. Ujue kwanza uzito wa mzigo

Kabla ya kuingia dukani, mnunuzi ajiulize: ni kitu gani kizito kuliko vyote nitakachokinyanyua? Asiulize kile atakachokinyanyua mara nyingi, bali kile kizito kuliko vyote, hata kama ni mara moja kwa mwaka.

Pikipiki za kawaida zinazobeba abiria vijijini zina uzito unaozidi kidogo kilo 100, yaani sawa na gunia kubwa la mahindi. Injini ya dizeli ya silinda 6, ya aina inayotumika katika magari ya Land Cruiser yanayopita sana barabara za Ngorongoro, huweza kuzidi kilo 300 ikiwa peke yake. Ikitolewa pamoja na giaboksi, huweza kuzidi kilo 400. Hayo ni magunia manne ya mahindi yanayoning'inia kwenye ndoano moja.

Uzito huo si wote. Winchi yenyewe ina uzito wake, na kila mota inapoanza kuvuta au kusimama ghafla, mzigo hutikisika na kuongeza nguvu juu ya kinachoushikilia. Kwa tahadhari, ongeza robo ya uzito wa mzigo na winchi kwa ajili ya mtikisiko huo. Mzigo wa kilo 400 na winchi ya kilo 20 hufanya kilo 420. Ukiongeza robo yake, boriti inayobeba hupata nguvu inayolingana na kilo 525.

2. Kwa nini paa halifai

Tuchukue mfano wa gereji ndogo yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 6. Eneo lake ni mita za mraba 24. Bati la geji 28 lina uzito wa takribani kilo 3.5 kwa kila mita ya mraba. Mabati yote ya gereji hiyo, hata ukihesabu yanayopandana, hayazidi sana kilo 100. Uzito huo nao umetandazwa juu ya kenchi zote, kila mbao ikibeba sehemu yake ndogo.

Sasa linganisha. Injini tuliyoitaja ina uzito wa mara tatu au nne ya mabati yote, nayo haikutandazwa; inaning'inia mahali pamoja. Kanuni ya uhandisi inasema kwamba mzigo uleule ukiwekwa katikati ya boriti huipinda mara 2 zaidi ya unapokuwa umetandazwa kwa urefu wote wa boriti hiyo. Fundi seremala aliyeichagua mbao ya mbili kwa nne kwa ajili ya mabati hakukosea. Alifanya kazi aliyoagizwa. Anayekosea ni yule anayeipa mbao hiyo kazi nyingine bila kuuliza.

Kuna sababu nyingine tatu zinazohusu mazingira yetu. Kwanza, mchwa. Mbao huweza kuonekana nzima kwa nje ilhali ndani yake ni unga mtupu. Pili, misumari. Kenchi nyingi zimeunganishwa kwa misumari, nayo haikukusudiwa kuhimili mvuto wa kwenda chini unaorudiwarudiwa kila siku. Hulegea kidogo kidogo bila mtu kuona. Tatu, ardhi yenyewe. Samunge iko katika ukanda wa Bonde la Ufa. Mwezi Julai 2007 matetemeko mengi yalifuatana katika eneo la mlima Gelai na Ziwa Natron, kubwa kuliko yote likiwa na ukubwa wa takribani 5.9, na mwaka huohuo Oldoinyo Lengai ulianza kulipuka kwa nguvu. Nyumba iliyopitia mitikisiko huweza kuwa na nyufa na viungio vilivyolegea ambavyo havionekani kwa haraka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa mwenye winchi, ufa usiochunguzwa huweza kumwangushia ukuta huo kichwani.

Tawi la mti, ambalo mafundi wengi wamelizoea, halina usalama zaidi. Hakuna anayejua tawi linabeba kilo ngapi, na kuwa lilibeba jana si ushahidi kwamba litabeba leo.

3. Kusoma kibandiko cha mashine

Kosa linalowanasa wanunuzi wengi limo katika namba mbili zilizoandikwa pamoja. Winchi ndogo nyingi huwa na maandishi ya mfano wa "250/500". Mnunuzi huisoma namba kubwa na kuamini kwamba mashine hubeba kilo 500. Maana halisi ni kwamba hubeba kilo 250 kwa kamba moja iliyonyooka, na kilo 500 pale tu kamba inapopitishwa kwenye kapi na ncha yake kurudishwa na kufungwa kwenye mwili wa mashine, ili mzigo ubebwe na kamba mbili. Ukitumia kapi, kimo cha kunyanyua hupungua kwa nusu na mwendo nao hupungua kwa nusu.

Hapa pana jambo la kushika vizuri: kapi huipunguzia mzigo mashine, haiipunguzii boriti. Boriti bado hubeba uzito wote wa mzigo pamoja na winchi.

Namba ya pili ya kutazama ni muda wa kazi. Kibandiko kikiandika "S3 20% 10 min", maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 mota inaruhusiwa kufanya kazi kwa dakika 2 tu. Dakika 8 zilizobaki ipumzike ipoe. Mashine ya namna hiyo inafaa kutolea injini. Haifai kupandishia tofali kutwa nzima.

Namba ya tatu ni volti. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 110, au kwa umeme wa njia tatu, isinunuliwe kwa matumaini kwamba fundi ataibadilisha.

4. Je, unahitaji winchi ya umeme?

Mtumiaji mwenye busara huuliza swali hili kabla ya kutoa fedha. Winchi ya cheni inayovutwa kwa mkono, yenye uwezo wa tani 1, haihitaji umeme, haiungui, na hupandisha au kushusha mzigo polepole kwa kiasi kidogo sana, jambo linalohitajika hasa wakati injini inapolengwa kwenye maungio yake. Umeme ukikatika, kazi haisimami. Kwa gereji inayotoa injini chache kwa mwezi, winchi ya mkono iliyofungwa kwenye fremu imara hutosha.

Winchi ya umeme inafaa pale kazi ya kunyanyua inapokuwa ya mara kwa mara, umeme unapokuwa wa uhakika, na pale fundi anapofanya kazi bila msaidizi wa kutosha. Kwa vyovyote vile, fremu ni ileile. Kwa hiyo anayeanza na fremu nzuri na winchi ya mkono hajapoteza kitu. Siku akipata ya umeme ataifunga pale pale, mradi fremu ilihesabiwa kwa uzito wa mashine hiyo.

5. Mahali sahihi pa kufunga

Fikiria njia inayopitiwa na uzito kutoka kwenye ndoano hadi ardhini: ndoano, kamba, ngoma, vibano vya winchi, boriti, nguzo, bamba la chini, zege, udongo. Uzito wa injini hupita katika kila mojawapo. Kimoja kikiwa dhaifu, uimara wa vingine vyote haumsaidii aliye chini. Kufunga winchi kwa usalama maana yake ni kuikagua njia hiyo yote, hatua kwa hatua.

Kwa gereji yenye paa la mbao na bati, njia inayoshauriwa ni fremu ya chuma inayosimama yenyewe chini ya paa bila kuliegemea: nguzo mbili na boriti moja juu yake, au miguu minne iliyopanuka kama herufi A kila upande. Paa hubaki na kazi yake ya kukinga jua na mvua, na mzigo wote hushuka ardhini kupitia chuma.

Kwa jengo lenye dari ya zege, kufunga kwenye zege huwezekana, lakini kwa idhini ya mhandisi aliyesajiliwa na si kwa kukisia. Inayopendelewa ni bolti inayopenya zege lote na kufungwa kwa nati upande wa juu juu ya bamba nene la chuma, kuliko bolti ya kutanuka inayoshikilia kwa msuguano ndani ya tundu. Bolti ya kutanuka ikiwekwa kichwa chini huvutwa kila siku kwenda chini, na mtikisiko wa mota huilegeza. Ni marufuku kufunga winchi kwenye dari iliyojengwa kwa matofali yenye uwazi ndani, kwenye mkanda wa zege ulio na ufa, au kwenye ukuta wa tofali za udongo.

6. Hatua za kusimika fremu

Hatua ya kwanza: pata mchoro. Mweleze mhandisi au taasisi yenye ujuzi upana unaoutaka, kimo, uwezo wa winchi, na kwamba fremu itajaribiwa kwa mara 1.25 ya uwezo huo. Mkoani Arusha ziko taasisi za umma zenye utaalamu wa mitambo, ikiwamo Taasisi ya Uhandisi na Usanifu Mitambo (TEMDO), na vilevile Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Gharama ya mchoro ni ndogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika.

Hatua ya pili: chagua chuma kipya chenye unene unaojulikana. Bomba kuukuu lililotumika kupitishia maji huwa limeliwa na kutu kwa ndani. Bomba la mraba la kuta nyembamba linalotengenezea madirisha na mageti halifai kuwa boriti ya kubebea injini.

Hatua ya tatu: jenga misingi. Chimba hadi kwenye udongo mgumu usiovimba wakati wa mvua. Mwaga zege lenye nondo, panga bolti za kushikia bamba kabla zege halijakauka, na limwagilie maji ili likomae. Zege hufikia nguvu inayotegemewa baada ya siku 28. Usining'inize mzigo kabla ya hapo, hata kama juu limekauka na kuonekana gumu.

Hatua ya nne: chomelea na unganisha. Kazi ya kuchomelea ifanywe na fundi mwenye mafunzo, kwa mfano aliyehitimu chuo cha ufundi stadi cha VETA. Mshono uwe umejaa na kuingia ndani ya chuma, si doa juu ya rangi. Weka vipande vya mshazari katika kila kona inayokutanisha nguzo na boriti, kwa sababu fremu isiyo na mshazari hubeba wima lakini huanguka kwa ubavu.

Hatua ya tano: funga winchi. Mashine nyingi ndogo huja na vibano viwili vilivyokusudiwa kushika bomba la mraba la kipimo kilichotajwa katika kitabu cha maelekezo. Kama boriti yako ina umbo tofauti, tengenezewa kipande cha kati cha kipimo hicho na kifungwe kwenye boriti kwa bolti. Usivipanue vibano kwa nyundo, wala usijaze nafasi kwa vipande vya mbao. Kila bolti iwe na washa na nati isiyolegea kwa mtikisiko.

7. Umeme wa winchi

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mwombe akuoneshe leseni yake. Kuomba hivyo si dharau, ni haki yako.

Winchi iwe na soketi yake yenyewe, yenye waya wa ardhi uliopimwa, na yenye kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Mkono wa fundi wa gereji mara nyingi una mafuta na maji, naye hukanyaga sakafu yenye unyevu. Waya wa ardhi ukikosekana, kuguswa kwa ganda la mashine kunaweza kuua.

Usitumie waya mwembamba wa kuongezea urefu. Vijijini, mahali palipo mbali na transfoma, volti huwa imeshuka tayari. Waya mwembamba na mrefu huishusha zaidi. Mota ikikosa volti ya kutosha huvuma bila kuvuta, hupata joto na huungua. Pasipokuwa na budi kutumia waya wa kuongezea, uwe mnene, mfupi, na ukunjuliwe wote, kwa sababu waya uliokunjwa kwenye mviringo hupata moto.

Wanaotegemea umeme wa jua wafahamu kwamba mota inapoanza hudai umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko. Mtambo mdogo wa kuwashia taa na kuchajia simu hauwezi kuiendesha winchi.

Umeme ukikatika mzigo ukiwa juu, breki ya mashine iliyo nzima huushikilia. Hata hivyo, breki si stendi. Waondoe watu wote, chomoa plagi, zungushia mahali hapo kamba, na usubiri umeme urudi au uuchukue mzigo kwa winchi ya mkono iliyofungwa mahali pengine kwenye fremu. Usijaribu kuilegeza breki kwa bisibisi.

8. Jaribio kabla ya kazi

Fremu isiyojaribiwa haijulikani. Jaribio hili hupima fremu, si winchi ya umeme. Kwa hiyo lifanywe kwa winchi ya mkono ya tani 1, isije mashine mpya ikazidishiwa mzigo.

Kwa winchi yenye uwezo wa kilo 500, mzigo wa jaribio ni kilo 625. Mifuko 12 ya saruji ya kilo 50, iliyopangwa juu ya jukwaa imara lenye uzito wa kilo 25, hutimiza kiasi hicho. Nyoosha uzi mwembamba kutoka ncha moja ya boriti hadi nyingine ili kuona inavyopinda. Nyanyua jukwaa sentimita 10 tu kutoka sakafuni, watu wote wakiwa mbali, liache dakika 10, kisha lishushe.

Kwa boriti yenye urefu wa mita 3, kupinda katikati kusizidi milimita 6, na baada ya kushusha mzigo boriti irudi kuwa kama ilivyokuwa. Ikibaki imepinda, au mshono ukipasuka rangi, au bamba la nguzo likisogea, fremu hiyo isitumike mpaka irekebishwe na kujaribiwa upya. Ikifaulu, andika juu ya boriti kwa rangi isiyofutika uzito unaoruhusiwa: KILO 500, MWISHO. Kila aingiaye auone.

9. Kanuni za kazi ya kila siku

Kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, mwenye zamu akague yafuatayo: kamba haina nyuzi zilizokatika wala mkunjo, ulimi wa ndoano unafunga, swichi ya kikomo inaisimamisha ndoano kabla haijagonga mashine, kitufe chekundu cha dharura kinakata, na bolti hazijalegea. Kamba iliyokatika nyuzi haifungwi fundo wala haichomelewi, hubadilishwa.

Mzigo ufungwe kwenye pete za kunyanyulia ambazo mtengenezaji wa injini ameziweka. Ukitumia mkanda au cheni yenye miguu miwili, miguu hiyo isitanuke sana. Pembe iliyo kati yake ikiwa nyuzi 60, kila mguu hubeba zaidi kidogo ya nusu ya mzigo. Ikifika nyuzi 120, kila mguu hubeba uzito sawa na mzigo wote. Cheni ileile iliyotosha asubuhi huweza kukatika jioni kwa sababu tu imefungwa kwa upana.

Vuta wima, usivute kwa mshazari. Gari lisogezwe chini ya ndoano; ndoano isilazimishwe kulifuata gari. Ngoma isibaki na mizunguko ya kamba iliyo chini ya mitatu. Nyanyua sentimita chache kwanza, simama, tazama, ndipo uendelee. Mtu yeyote, hata mwenye gereji, asipite wala kuingiza mkono chini ya mzigo unaoning'inia. Injini ikishatoka ishushwe mara moja kwenye stendi au sakafuni. Winchi si mahali pa kuhifadhia kitu usiku. Ni marufuku kabisa kumnyanyua mtu kwa mashine hii, iwe kwa kazi au kwa mchezo, na watoto wasiachwe karibu na vitufe vyake. Kazi ikiisha, plagi ichomolewe.

10. Wajibu wa mwenye gereji na haki za mnunuzi

Gereji yenye wafanyakazi ni mahali pa kazi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Mwajiri anapaswa kusajili mahali pake pa kazi na kuhakikisha vifaa vya kunyanyulia vinakaguliwa na mtu anayetambuliwa. Vilevile, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri achangie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili anayeumia kazini asiachwe mikononi mwa ndugu zake peke yao. Kijana anayejifunza ufundi naye ana mwili uleule unaovunjika. Ulinzi wake usiahirishwe kwa kisingizio kwamba hajaajiriwa.

Kwa upande wa mnunuzi, dai mambo matano kabla ya kulipa: kibandiko kinachosomeka chenye uwezo, volti na jina la mtengenezaji, kitabu cha maelekezo kwa lugha unayoielewa, maelezo ya ukaguzi wa ubora wa bidhaa, dhamana ya maandishi, na risiti ya kielektroniki. Muuzaji anayekataa kutoa risiti amekunyima ushahidi wako wa kwanza. Bidhaa isiyokidhi viwango itolewe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalofanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Udanganyifu wa muuzaji, kwa mfano kuiuza mashine ya kilo 250 kwa kudai kwamba hubeba kilo 500 bila kapi, uripotiwe kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Aishiye mbali na ofisi hizo ahifadhi risiti, kibandiko na picha za kasoro, na aombe msaada wa afisa biashara wa halmashauri yake.

Maswali ya kujipima

1. Gereji yako ina paa la mbao na bati, na jirani anakuambia kwamba kenchi zake zimebeba winchi miezi sita bila tatizo. Utamjibu nini?

2. Winchi imeandikwa "250/500". Injini ina kilo 320. Je, utaweza kuinyanyua kwa kamba moja? Ukitumia kapi, boriti itabeba kilo ngapi pamoja na winchi ya kilo 20, kabla ya kuongeza robo ya tahadhari?

3. Umeme umekatika na injini inaning'inia juu ya gari. Taja mambo matatu utakayoyafanya, na moja ambalo hutalifanya.

4. Tembea katika gereji yako ukiwa na karamu na karatasi. Andika kila kitu kitakachopitiwa na uzito kutoka ndoano hadi udongo. Mbele ya kila kimoja andika jina la mtu aliyekipima na tarehe aliyokipima. Pale utakapokosa jina la kuandika, hapo ndipo pa kuanzia kazi kabla ya kununua mashine.